Bakuli la Koplo

Kuna watu wanaopikia wakubwa, na kuna watu wanaopikia mbwa. Wa kwanza wakizidisha chumvi hutukanwa. Wa pili, mbwa akikosa kunusa, hufungwa. Mwanamke huyu alikuwa wa kundi la pili, na mpaka Jumatatu ile asubuhi aliamini kwamba kazi yake haina lawama, maana mlaji wake hana ulimi wa kulalamika.

Alifika kituo cha mpakani saa moja kamili, kama kila siku, akakuta mlango wa jiko lake umefungwa kwa waya na lakiri, zilezile wanazofungia makontena. Alichungulia dirishani. Sufuria yake kubwa ilikuwa imebandikwa karatasi kwenye kifuniko: KIELELEZO. Uani yalisimama magari matatu ya makao makuu, magurudumu safi, madereva wakipiga miayo.

"Mama Koplo, usiguse kitu," alisema konstebo mshika kamba. Macho yake yalikuwa mekundu.

Koplo alikuwa mbwa. Serikali ilikuwa imempa cheo ili asidharauliwe, na kwa kuwa mshika kamba wake alikuwa konstebo tu, kwa kanuni binadamu ndiye aliyepaswa kumpigia mbwa saluti. Wenye midomo walisema siku za ukaguzi alimpigia kweli, na mbwa akaitikia kwa kupandisha sikio moja. Mbwa wa kazi habweki. Akinusa unga, si unga wa chakula bali ule unaomaliza watoto wa watu, hukaa chini kimya, mkia umenyooka ardhini kama fimbo. Basi. Hapo lori hupakuliwa mpaka msumari wa mwisho.

Lakini mshika kamba alitaka mbwa wake awe na adabu, akamzoesha kukaa chini vilevile kabla ya kulishwa. Kwa hiyo kila mchana mpishi alipotokea na bakuli, Koplo alikaa. Tofauti ilikuwa mkiani. Kwa unga, mkia hutulia. Kwa chakula, mkia hupiga vumbi kama mwanamke anayefagia uwanja akiwa amegombana na mumewe. Kituo kizima kilijua. Hata makuli walijua.

Wanawake wengine huitwa kwa jina la mtoto wao wa kwanza. Yeye hakujaliwa mtoto, wakamwita Mama Koplo. Mwaka wa kwanza aliwanunia, wa pili aliwatukana, wa tatu akaanza kuitika.

"Kuna nini?" aliuliza.

"Lori la magodoro," mshika kamba akanong'ona. "Lile la Jumamosi."

Lile lori lilikuwa limepita mchana kweupe na magodoro mia tatu. Huko mbele, mbali na mpaka, likapasuka tairi, likalala ubavu, na wananchi wakaja kusaidia, yaani kila mmoja akasaidia godoro moja mpaka kwake. Bwana mmoja alipojinyoosha juu ya lake akahisi mawe mgongoni. Akalipasua. Vifurushi. Wanasema kuku wa yule bwana alidonoa kidogo, akalala mpaka kesho yake, akaamka anawika, naye ni tetea aliyekwisha kulea vifaranga. Habari ya kuku kila mtu aipime mwenyewe. Iliyopimwa na serikali ilikuwa kilo arobaini na mbili, na Jumapili jioni redio zilikuwa haziimbi tena, zinafoka tu. Wakubwa walitaka jina kabla ya Ijumaa.

"Jina la mwenye magodoro?"

"Huyo hajulikani, Mama Koplo. Wanataka jina la huku kwetu."

*

Mpelelezi alikuwa mtu mwembamba mwenye tabia ya kufunika kalamu yake kila alipouliza swali, kana kwamba jibu halitahitaji wino. Pembeni yake alikaa Mkuu wa Kituo, tumbo limetangulia, uso wa mtu anayesubiri mazishi yasiyomhusu.

"Mbwa anastahili kilo mbili za nyama kwa siku," alisema mpelelezi. "Anazipata?"

Mpishi alipiga hesabu. Kilo mbili zilitoka buchani, hilo ni kweli. Zikipita stoo, mtunza stoo alikata ya kuonjea. Zikipita kwa Mkuu, kipande kizuri kilikwenda kwa mke wa Mkuu. Zikipita kwa mshika kamba, naye ana mke aliyejifungua juzi. Jikoni ilifika kilo moja, na mfupa. Yeye aliichemsha, nyama akampa mbwa, mfupa na supu akavitia kwenye kikopo chenye kifuniko akaenda navyo kwake. Njia nzima ilikuwa na meno, na ya kwake yalikuwa ya mwisho.

"Anakula anashiba, bwana."

"Sikuuliza kushiba. Hiki ni nini?"

Mpelelezi aliweka kikopo mezani. Kilikuwa kilekile cha mpishi. Kwenye kifuniko mafuta yalikuwa yameganda meupe.

"Supu. Mbwa haimalizi."

"Kwa hiyo unamwibia mbwa."

Mmoja wa madereva, aliyekuwa mlangoni, alicheka puani.

"Na bakuli lake liko wapi? Bakuli la chuma, namba saba, mali ya serikali. Jikoni halipo."

Mpishi alimtazama Mkuu. Mkuu akatazama feni ya darini, ambayo ilikuwa haizunguki.

Wote wawili walijua lilipo. Ijumaa, Mkuu alikuwa ameletewa saruji mifuko mia kwenye nyumba yake mpya inayojengwa mlimani, na wezi wa saruji hawana mfano. Akaamuru Koplo apelekwe kulinda. Koplo akalala huko Ijumaa, akashinda Jumamosi, akarudishwa Jumapili baada ya redio kuanza kufoka. Siku zote hizo mpishi alipanda mlima na bakuli kichwani, akipita getini palepale malori yanapopita, na Jumapili, katika vurugu ya kumrudisha mbwa, bakuli likasahaulika huko. Jumamosi ile lori la magodoro lilipovuka, pua ya serikali ilikuwa inalinda saruji.

"Sijui, bwana," alisema.

Hakusema kwa woga peke yake. Alidhani Mkuu mwenyewe atasema. Mtu mdogo huona haya kumtangulia mkubwa kwenye kosa lake.

Mpelelezi alifunua kalamu, akaandika, akaifunika.

*

Kwake kulikuwa na chumba kimoja na kibaraza, na kibaraza kilikuwa karakana ya mumewe, fundi viatu. Fundi alishona viatu vya askari wa kituo, madereva wa malori na mafundi waashi, akiwajua watu wote wa mji kwa visigino vyao. Mama yake Fundi alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, hana jino hata moja, na labda ndiyo maana maneno yake yalitoka bila kizuizi.

Jioni ile mpishi alibandika mboga za majani na ugali. Mama mkwe alinusa.

"Leo sufuria imekuwa bubu, mwanangu? Mfupa umeenda likizo?"

Kabla hajajibu, Fundi aliingia, akabwaga nyundo yake chini.

"Wamekuja askari wawili kuchukua buti zao," alisema bila kumtazama mkewe. "Mmoja ananiuliza, 'Fundi, eti kwenu mnakula kwa zamu na mbwa? Nani huwa anatangulia?' Mwenzake akabweka. Mtu mzima, na nyota begani, anabweka kibarazani kwangu."

Mpishi alikuwa amewaambia kwa miaka mitano kwamba mifupa anapewa buchani kwa kuwafagilia. Sasa alibaki na mwiko mkononi.

"Ilikuwa supu ya ng'ombe, Fundi. Mbwa alikuwa jirani wa sufuria tu."

"Miaka mitano! Namsifia mke wangu kwa watu kwamba anajua supu. Kumbe nakunywa kwa hisani ya mbwa!"

"Punguza sauti," alisema mama mkwe. "Mimi nilijua tangu mwezi wa kwanza. Bucha gani hiyo ya kumpa mfagiaji mfupa wenye nyama ya kushika? Nikajinyamazia, nikanywa. Mjukuu wangu ana mkia, sawa. Lakini amenitunza kuliko wengi wenye suruali."

Fundi aligusa ugali, akauacha. Akaketi kizingitini, mgongo kwao, akichonga soli ambayo haikuhitaji kuchongwa. Alipotulia, mkewe akamweleza yote, ya saruji na ya bakuli. Kisu cha Fundi kikasimama.

"Na wewe ukasema hujui?"

"Mkuu alikuwa hapohapo."

"Na Mkuu akasema nini?"

"Alitazama feni."

*

Mkuu alikuja kesho yake alasiri. Hakuvaa sare. Alivaa ndala, na kwapani alibeba jozi ya viatu vizima kabisa, ili majirani waone amekuja kushonewa.

"Hodi wenyewe. Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba," alijibu mama mkwe. "Viatu vyako vinaumwa nini? Mbona vina afya kuliko sisi?"

Mkuu akacheka, akaketi kwenye benchi la wateja. Alisifu kibaraza. Alisifu hali ya hewa. Kisha akamgeukia mpishi, sauti imeshuka, tamu kama ya mtu anayeposa.

"Dada yangu, jambo hili ni dogo, watu ndio wanalikuza. Wakubwa wanataka maelezo tu. Kesho utaandika kwamba ulikuwa ukichukua nyama kidogo. Basi. Mbwa alilegea kwa njaa, pua ikapungua nguvu, lori likapita. Utapewa onyo. Baada ya miezi mitatu nakutafutia kazi nyingine, hata ya kufagia ofisi yangu. Si bora kuliko kuitwa jina la mbwa?"

"Lakini Koplo hakuwepo getini, Mkuu. Alikuwa kwako."

"Hebu fikiri na wewe. Ikijulikana hivyo, nani alimshika kamba kumpeleka? Yule kijana. Mtoto wake hajatimiza miezi miwili. Utamfunga baba wa mtoto mchanga kwa sababu ya mifupa?" Akagonga nguzo ya kibaraza kwa kidole. "Na hiki kibaraza kipo kwenye hifadhi ya barabara. Miaka yote nawaambia wenye tingatinga, jamani, muacheni Fundi, ni mtu wetu."

Fundi aliendelea kushona. Sindano ikamchoma, akanyonya kidole.

"Na wewe, Mkuu?" aliuliza mpishi. "Wewe utapewa nini?"

"Mimi nina watu wa kuniombea, dada. Wewe una nani?"

Alisema bila ubaya wowote, kama mtu anayemwonyesha mgeni njia.

"Baba," mama mkwe akaingilia, "hiyo nyumba yako mlimani ina ghorofa ngapi?"

"Mbili tu, mama. Tunajikongoja."

"Basi omba serikali mbwa wa pili. Mmoja hataweza ghorofa mbili na mpaka."

Mkuu alicheka sana, cheko la kujifuta nalo jasho. Aliinuka na viatu vyake, hata hakukumbuka kuviacha.

"Ni onyo tu?" mpishi alimwuliza mlangoni.

"Onyo tu. Nikikudanganya, nyumba ile nisiilalie."

Alipokwisha kwenda, mpishi alimtazama mumewe akingoja neno. Fundi alinyoosha uzi, akaukata kwa meno, akauliza, "Alisema bakuli ni namba ngapi?"

"Saba."

*

Jumatano asubuhi Fundi hakuwepo kitandani. Mpishi alidhani ameamka na hasira zake, akavaa gauni lake la heshima, akaenda kituoni kuandika habari ya mifupa na kupewa onyo.

Alikuta wanampima mbwa. Daktari wa mifugo alitaka uzito wa Koplo kwa ajili ya ripoti, na kituo hakikuwa na mizani nyingine ila ile ya malori, ile iliyochimbiwa barabarani, isiyotambua kitu chini ya nusu tani. Wakampandisha Koplo pale katikati, peke yake, kwenye bamba pana kama uwanja. Akaketi, akajikuna. Kioo kikaonyesha sifuri. Daktari akasoma, "Sifuri." Karani akaandika, sifuri. Mbwa mwenyewe alikuwa mnene, ngozi inameta, shingo ina mikunjo kama ya mfanyabiashara. Lakini kwenye karatasi alikuwa amekonda mpaka mizani ya taifa haimwoni. Makuli waliinamisha vichwa, mabega yakatikisika. Hakuna aliyecheka kwa sauti.

"Sasa watumishi wote wapange mstari," alisema mpelelezi. "Mbwa apite. Tuone kama kuna mwenye harufu ya mzigo mikononi."

Walisimama kumi na wanane: makarani, walinzi, mtunza stoo, wafagiaji, na mpishi akiwa wa mwisho. Mshika kamba akaanza kumpitisha. Koplo alinusa buti la mlinzi, akapita. Alinusa mtunza stoo muda mrefu, maana yule alikuwa na harufu ya nyama kuliko bucha, akapita. Alipobakiza watu wanne akainua kichwa. Akavuta kamba. Akamfikia mpishi, akamtazama usoni, akakaa chini.

Nyuma ya Koplo mkia ulikuwa unapiga vumbi, paa, paa, paa, mpaka vumbi likamfikia mpelelezi kwenye viatu.

"Mbwa amemtambua," alisema mpelelezi. "Andika."

"Ananingoja chakula!" Mpishi aligeuka kwa wenzake. "Jamani, si mnaona mkia? Mwambieni huyu bwana. Makarani? Mtunza stoo? Mmemwona akikaa hivi kila mchana miaka mitano!"

Karani mmoja aligundua kwamba kifungo chake cha shati kimelegea. Mtunza stoo alikohoa. Mpishi akamwangalia mshika kamba, kijana ambaye yeye alimchemshia uji wa mkewe wiki ya uzazi kwenye sufuria ileile ya kielelezo.

"Mwanangu, wewe ndiye uliyemfundisha. Sema."

Kijana alifungua mdomo. Mkuu, akiwa nyuma yake, akajikwangua koo. Kijana akatazama kamba mkononi mwake kana kwamba ameiona leo.

"Mbwa akikaa, amenusa," alisema. "Ndivyo kitabu kinavyosema, mama."

Hapo mpishi akasahau kibaraza, akasahau tingatinga, akasahau hata kuogopa.

"Basi niambieni, pua yake imekufa au iko hai? Maana Jumamosi ilikuwa imekufa kwa njaa, haikunusa kilo arobaini na mbili za lori. Leo imefufuka, inanusa mikono yangu niliyoinawa kwa sabuni. Chagueni moja! Na Jumamosi hakuwa hapa. Alikuwa mlimani, nyumbani kwa Mkuu, analinda saruji. Nilimpelekea chakula kwa miguu yangu hii!"

Mpelelezi alifunika kalamu. "Una ushahidi?"

"Bakuli liko huko."

"Hapana, haliko huko," ilisema sauti kutoka getini. "Liko hapa."

Alikuwa Fundi. Suruali yake ilikuwa nyeupe kwa vumbi la saruji mpaka magotini, na mikononi alibeba kitu kizito amekikumbatia kama mtoto. Wakati wote mji ulipokuwa umelala yeye alikuwa njiani kwenda mlimani, kwa mafundi waashi ambao buti zao alizishona kwa mkopo wa mdomo. Wao ndio walimwonyesha. Walikuwa wamelifanya bakuli la kukorogea zege ndogondogo, na zege ya mwisho ilikuwa imekauka ndani, imelijaza mpaka ukingoni. Ubavuni, chini ya matone ya kijivu, maandishi mekundu yalisomeka wazi: KOPLO. NAMBA 7. MALI YA SERIKALI.

Fundi hakumtazama mtu mwingine. Alimtazama mkewe, akasema, "Mwenye supu yake asionewe."

Akaliweka bakuli mezani. Meza ikalia.

Mpelelezi hakuwa mjinga. Aliligeuza bakuli, akakwangua zege kwa ukucha, akanusa ukucha. Akainua macho kuelekea mlimani, ambako nyumba ya ghorofa mbili ilionekana vizuri kabisa, vyuma vyake vimesimama juu kama nywele za mtu aliyeshtuka. Kisha akamtazama Mkuu kwa muda ambao wote pale waliuhesabu kwa pumzi. Mkuu aliinama, akamnong'oneza maneno machache. Katika hayo maneno watu wa karibu walisikia "shemeji yangu" na "makao makuu". Mpelelezi alifunua kalamu. Leo ilikuwa Jumatano, na Ijumaa haikuwa mbali.

"Bakuli limepatikana," alimwambia karani. "Andika limepatikana mikononi mwa nani."

"Nimelitoa kwa Mkuu, kwenye..." Fundi alianza.

"Sikuuliza ulikolitoa. Nani amelileta hapa?"

"Mimi."

"Wewe ni nani wa mtuhumiwa?"

"Mume wake."

"Bakuli la serikali limekutwa kwa mume wa mtuhumiwa," mpelelezi alisema polepole, ili karani apate herufi zote. "Limeharibiwa kwa zege. Kwa nia ya kupoteza ushahidi."

Askari wawili wakamshika Fundi, wakamtia pingu. Mmoja wao alikuwa yule aliyebweka kibarazani. Fundi hakupigana; alishangaa tu, anatazama mikono yake iliyojaa saruji, kama fundi anayetafuta mahali aliposhona vibaya.

Mpishi aliwaza haraka kuliko alivyowahi kuwaza. Nyumbani kulikuwa na kikongwe kisicho na meno, kigodani, kinangoja mmoja wao arudi. Wakienda wote wawili, nani atampondea mboga?

"Mwacheni," alisema. "Leteni hiyo karatasi."

"Usiandike, mke wangu."

"Nyama niliiba mimi," alimwambia karani. "Bakuli niliiba mimi, nikampa yeye bila kujua la nani. Mbwa nilimnyima mimi. Andika yote. Magodoro nayo, kama nafasi ipo."

"Nafasi ipo," alisema karani, ambaye hakuwa mtu wa utani.

Mkuu alimpa kalamu yake mwenyewe ya kutia sahihi. "Umefanya busara, dada," alinong'ona.

"Ile nyumba, Mkuu," alijibu akitia sahihi, "uliapa usiilalie."

*

Walimwingiza kwenye gari la katikati, nyuma, kati ya askari wawili, vioo vimepandishwa. Fundi walimfungua pingu wakamwacha amesimama uani, na bakuli likapelekwa gari la mbele, likibebwa na watu wawili kwa uzito wake. Kituo kizima kilitoka kuangalia. Makarani waliacha mihuri yao, walinzi wa geti waliacha geti, mpaka mtunza mizani aliacha mizani, maana si kila siku taifa linakamata mtu.

Koplo alivuta kamba akaja mpaka ubavuni mwa gari. Akamwona mpishi ndani ya kioo, akakaa chini, mkia paa, paa, paa. Saa yake ya kula ilikuwa imepita.

Mpishi akaweka kiganja kwenye kioo. "Leo hakuna, mwanangu," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo.

Nyuma ya Koplo foleni ya malori ilikuwa imerefuka, madereva wanapiga honi. Mkuu, akiwa na haraka ya kuusafisha uwanja, alipunga mkono: wapite, wapite. Kizuizi kikainuliwa. Likatambaa lori la kwanza, turubai la bluu limefungwa vizuri, likapita hatua tatu nyuma ya mgongo wa mbwa.

Mkia ukasimama.

Koplo aligeuza kichwa. Hakuinuka. Alibaki amekaa vilevile, lakini pua imefuata lori, na mkia umenyooka ardhini kama fimbo, bila kutikisika hata unywele.

"Mkia!" Mpishi alipiga kioo kwa ngumi zote mbili. "Tazameni mkia! Zuieni lile lori! Tazameni mkia wake!"

Nje hakuna aliyesikia, kwa honi. Waliona mdomo tu unafunguka na kufungika, na mtunza stoo akamwambia mwenzake, ona, sasa ndiyo anajuta. Mshika kamba alikuwa amegeuza uso upande wa pili, anafuta macho kwa mkono wa shati.

"Tulia, mama," alisema askari wa kulia kwake, akimshika mikono kwa upole. "Utaeleza mbele ya safari."

Gari likaondoka. Lori lilikuwa limetangulia, na barabara ilikuwa ni ileile moja, kwa hiyo walilifuata kwa mwendo mrefu, taratibu, wakila vumbi lake, mpaka dereva akapata nafasi ya kulipita.